Kutoka Unguja na Pemba hadi Dodoma kwa Boti na Treni: Namna ya Kuipanga Safari Isikatike Katikati

Mtu wa Unguja au Pemba mwenye shughuli Dodoma hana treni ya kupanda karibu na kwao. Lazima kwanza avuke mkondo wa Zanzibar kwa boti, ashuke Dar es Salaam, atoke bandarini hadi stesheni, na hapo ndipo aipate treni ya umeme ya SGR, yaani ya reli ya kisasa, itakayomfikisha makao makuu ya nchi. Treni hiyo ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tarehe 25 Julai 2024, na tangu hapo safari ambayo zamani ilitutaka tulale Dar es Salaam usiku mmoja, kisha tukae ndani ya basi kutwa nzima, imekuwa safari ya siku moja kwa aliyeipanga vizuri. Kwa asiyeipanga, bado ni safari ya siku mbili, tena ya gharama kubwa zaidi kuliko ile ya zamani.

Ninaandika kwa ajili ya watu ninaowafahamu: mzazi anayempeleka mtoto Chuo Kikuu cha Dodoma, kijana aliyeitwa kwenye usaili wa kazi serikalini, mgonjwa aliyepewa rufaa ya Hospitali ya Benjamin Mkapa, na mtumishi mwenye faili la kufuatilia wizarani. Wote hawa wana siku na saa waliyopangiwa, na wengi wao huenda Dodoma kwa mara ya kwanza. Nimeifanya safari hii mara kadhaa, peke yangu na pamoja na wazee, na nimejifunza kwamba boti haina tatizo kubwa, wala treni haina tatizo kubwa. Mahali safari inapovunjika ni baina ya hivyo viwili, katika saa chache ambazo msafiri yupo Dar es Salaam akiwa na mabegi mkononi na tiketi mbili za vyombo viwili visivyojuana.

Anza kupanga kutokea mwisho

Wengi wetu huanza na boti kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Mtu hukata tiketi ya boti leo, akasema ya treni ataitafuta akifika. Huko ni kuipanga safari kinyume. Boti za kwenda Dar es Salaam ni kadhaa kwa siku, ya kwanza ikiondoka asubuhi mapema na ya mwisho alasiri, kwa hiyo ukiikosa moja utaipata nyingine. Treni za kwenda Dodoma zina viti vyenye idadi, na siku za mwisho wa wiki, mwanzo wa mihula ya vyuo na karibu na sikukuu viti hivyo huisha mapema. Kata kwanza tiketi ya treni, itazame saa yake ya kuondoka, kisha rudi nyuma ukachague boti itakayokufikisha kwa wakati.

Tiketi ya treni hukatwa katika mtandao wa Shirika la Reli Tanzania, TRC, au dirishani stesheni. Ukikata mtandaoni, utaandika jina na namba ya kitambulisho, utachagua treni, daraja na kiti, kisha utapewa kumbukumbu namba ya malipo, ile ambayo watu wengi wanaiita kontroli namba, nawe utailipia kwa simu. Ilipe mara tu unapoipata, kwa kuwa namba hiyo ina muda wake, na muda ukipita kiti hurudi kwa wengine. Nauli ya treni ya kawaida kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ilitangazwa mwaka 2024 kuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima, nusu yake kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12, na bure kwa mtoto aliye chini ya miaka minne. Treni za haraka na madaraja ya juu bei yake ni zaidi ya hiyo. Hakikisha jina ulilolijaza ni lile lililomo katika kitambulisho, herufi kwa herufi. Sisi watu wa visiwani tuna majina matatu ya baba na babu, na mara nyingi mtu huitwa jina moja nyumbani na jingine likawa katika kitambulisho. Anayekukatia tiketi asiandike jina analokuitia yeye.

Baada ya hapo hesabu muda. Boti ya mwendo kasi kutoka Malindi, bandari ya Unguja, hadi Dar es Salaam huchukua takriban saa mbili, na siku yenye mawimbi huzidi. Kushuka, kusubiri mabegi na kupita ukaguzi kunaweza kula nusu saa au zaidi. Treni nayo inataka ufike stesheni saa mbili kabla ya kuondoka, na treni hii haimsubiri mtu: ikifika dakika yake, milango hufungwa. Kwa hiyo acha angalau saa nne baina ya saa ambayo boti inatarajiwa kufika na saa ambayo treni itaondoka. Najua saa nne zinaonekana nyingi. Lakini aliyekata tiketi mbili kwa kampuni mbili hana wa kumdai boti inapochelewa, kwani treni haihusiki na bahari, na boti haihusiki na reli. Kwa mwenye usaili au rufaa ya hospitali, ningesema wazi: usisafiri siku ileile ya miadi. Fika Dodoma siku moja kabla.

Ipo na tahadhari ya kusoma saa, ambayo naitaja hasa kwa ajili ya wazee wetu. Tiketi za boti na za treni huandikwa kwa saa za kuanzia usiku wa manane. Iliyoandikwa 07:00 ni saa moja asubuhi, 12:30 ni saa sita na nusu mchana, 16:00 ni saa kumi alasiri, na 18:15 ni saa kumi na mbili na robo jioni. Kosa la kawaida ni la tarakimu zinazofanana na saa zetu: mtu anaona 06:00 akadhani ni saa sita mchana, ilhali ni saa kumi na mbili alfajiri. Unapomkatia tiketi mzazi wako, usimtumie picha ya tiketi peke yake. Mpigie simu, umwambie kwa saa za Kiswahili ni saa ngapi, umwombe na yeye akurudishie kwa kinywa chake.

Vitambulisho na mizigo

Kitambulisho kinahitajika mara mbili au tatu katika safari hii, kwa hiyo kisiwekwe ndani ya begi kubwa. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, cha Taifa, au pasipoti hufaa. Kwa mtoto chukua cheti cha kuzaliwa. Ndugu zetu waliotoka Oman, Uingereza au Kanada kuja kuwaona wazee, nao wakataka kufika Dodoma, wajue kwamba mwenye pasipoti ya kigeni hulipa nauli ya boti ya wageni, iliyo juu kuliko ya mkaazi.

Mizigo ndiyo hutuponza zaidi. Mtu wa visiwani haendi ugenini mikono mitupu, na hilo ni jambo jema, ila treni ya SGR si meli ya usiku ambayo hubeba kila kitu. Mabegi hupita kwenye mashine kama uwanja wa ndege, na nafasi ya kuyaweka ndani ya behewa ni ndogo. Begi moja la wastani na mkoba wa mkononi vinatosha. Usichukue samaki wabichi, dagaa, mafuta ya aina yoyote yanayomwagika, mtungi wa gesi, wala kuku hai. Ukitaka kumpelekea mwenyeji zawadi, chukua halua ya Wete iliyofungwa vizuri, kashata, au viungo vilivyokwishasagwa katika vifungashio vyao. Karafuu ni jambo jingine. Mnunuzi wake kisheria ni Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na kuitoa visiwani kwa njia ya magendo ni kosa, kwa hiyo usikubali kumbebea mtu kifurushi cha karafuu hata akikuambia ni cha shangazi yake. Vitu vipya kama televisheni au simu zaidi ya moja vichukuliwe pamoja na risiti zake, kwa sababu maofisa wa forodha bandarini Dar es Salaam wana haki ya kuuliza. Na mifuko ya plastiki imekatazwa Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo funga vitu kwenye kikapu, kitambaa au begi.

Baharini

Fika Malindi saa moja kabla ya boti kuondoka. Kata tiketi ofisini au kwa simu ya kampuni yenyewe, na usimpe fedha mtu anayekujia njiani akisema ana nafasi. Makuli watakupokonya begi kwa wema au kwa nguvu, nawe patana bei kabla ya begi kuinuliwa.

Upepo wa kusi unapovuma, hasa miezi ya Juni, Julai na Agosti, boti inayokwenda Dar es Salaam huukabili kwa mbele na hupiga sana. Aliye mwepesi wa kichefuchefu akae ukumbi wa chini, katikati au nyuma kidogo, atazame nje mbali badala ya kutazama simu, na ale kitu kidogo kikavu kabla ya kupanda. Tumbo tupu halifai. Tangawizi na ndimu husaidia wengine, na dawa ya duka la dawa hunywewa kabla ya kuondoka, si baada ya kuanza kutapika. Boti ya asubuhi mara nyingi hukuta bahari tulivu kuliko ya alasiri, na hiyo ni sababu nyingine ya kuipendelea.

Ikiwa Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, ahirisha, hata kama tiketi ya treni itapotea. Hatukusahau MV Spice Islander iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imepakia watu kupita kiasi, wala MV Skagit iliyozama tarehe 18 Julai 2012 ikitoka Dar es Salaam. Katika nyumba nyingi za kwetu majina ya waliokuwemo bado yanasomewa dua. Chombo ukikiona kimejaa kupita kiasi, shuka. Shilingi 31,000 hutafutwa upya.

Kutoka gatini hadi stesheni

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Boti za Zanzibar hutia nanga Barabara ya Sokoine, mkabala wa Kanisa la Mtakatifu Joseph, lile lenye mnara mrefu ambao huonekana tangu boti ikiingia bandarini. Stesheni ya SGR iko mji huohuo wa katikati, jirani na stesheni kongwe ya reli ya kati. Ukitoka lango la bandari na kuipa bahari mgongo, stesheni iko mkono wako wa kushoto, na Kivukoni iko mkono wako wa kulia. Ni mwendo wa kilomita moja na kidogo. Mwenye begi jepesi anaweza kwenda kwa miguu chini ya nusu saa. Mwenye mzigo, mzee au mtoto achukue teksi, na bei isiwe kubwa kwa kuwa njia ni fupi.

Ugumu uko katika maneno. Yapo maneno matatu ambayo mtu wa visiwani huyatumia kwa maana yake, na mtu wa Dar es Salaam akayaelewa kwa maana nyingine.

La kwanza ni Magufuli. Stesheni ya treni ya SGR ya Dar es Salaam inaitwa Stesheni ya Magufuli. Lakini stendi kuu ya mabasi ya mikoani, iliyozinduliwa mwaka 2021, inaitwa Stendi ya Magufuli, nayo iko Mbezi Luis, zaidi ya kilomita 20 kutoka bandarini. Ami yangu mmoja alishuka boti ya asubuhi, akaingia teksi, akasema, "Nipeleke Magufuli, mwanangu." Dereva akamjibu, "Sawa shehe, elfu ishirini na tano." Ami akashangaa bei, lakini akajiambia kwamba Dar es Salaam kila kitu ni ghali, akanyamaza. Alianza kuwa na wasiwasi walipovuka Ubungo. Alipopita Kimara akanipigia simu kuniuliza kama stesheni iko shamba. Nilimwambia ampe dereva simu, na yule kijana, ambaye hakuwa na kosa lolote, akasikitika kweli, akageuza gari. Foleni ya Barabara ya Morogoro ya kurudi mjini ikawachukua zaidi ya saa moja na nusu. Ami aliipata treni kwa sababu moja tu: alikuwa ameacha saa tano baina ya boti na treni. Kwa hiyo usiseme Magufuli peke yake. Sema "stesheni ya treni ya SGR, hapa mjini," na ukiambiwa bei inayozidi ile ya njia fupi, uliza tena mnakwenda wapi.

La pili ni mwendokasi. Sisi tumezoea kusema treni ya mwendokasi, lakini Dar es Salaam mwendokasi kwanza kabisa ni yale mabasi makubwa yenye barabara yake. Ukimuuliza mtu njiani "mwendokasi iko wapi", atakuonyesha kituo cha basi, na atakuwa amekujibu sawasawa.

La tatu, feri, linahusu kurudi, nami nitalifikia mwishoni.

Muda uliobaki baina ya boti na treni utumie karibu na stesheni, si Kariakoo. Najua Kariakoo inavuta, na najua kila mtu ana kitu alichoagizwa kununua. Fanya manunuzi siku ya kurudi. Kula chakula chako cha mchana mitaa ya karibu, uswali, ujaze simu moto, kisha uingie ndani ya stesheni. Msafiri anayefuata ruhusa ya kukusanya sala anaweza kuswali Adhuhuri na Alasiri pamoja kabla ya kuingia kwenye ukaguzi, jambo ambalo humpa utulivu njia nzima. Nje ya lango utawakuta vishoka wanaodai kuwa na tiketi za treni iliyojaa. Tiketi ina jina na namba ya kitambulisho cha mwenyewe, kwa hiyo ya mtu mwingine haitakufaa hata ikiwa ya kweli.

Ndani ya treni

Sehemu hii ni nyepesi. Treni inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa, inapita Pugu na Ruvu hadi Morogoro, na kwa saa tatu na nusu au nne hivi unakuwa Dodoma, kutegemea ni treni ya haraka au inayosimama vituoni. Kaa kiti kilichoandikwa katika tiketi yako na uangalie namba ya behewa kabla ya kupanda, kwa kuwa treni ni ndefu na kutembea ndani yake na begi ni usumbufu. Baada ya Morogoro, karibu na Kilosa, treni hupita ndani ya mahandaki ya milimani. Masikio huziba kidogo, na mtoto aambiwe mapema asishtuke giza likiingia ghafla. Ukitoka hapo nchi hubadilika mbele ya macho yako: kijani kinapungua, udongo unakuwa mwekundu, mibuyu inaanza kusimama peke yake uwandani. Huo ni Ugogo, na stesheni ya Dodoma yenyewe imejengwa kwa umbo linaloigiza majabali ya huko.

Ukiikosa treni

Ikitokea umeikosa, usirudi Unguja kwa hasira. Nenda dirishani kwanza uulize kama kuna nafasi katika treni inayofuata. Isipokuwepo, ndipo uende Mbezi Luis, safari hii kwa kusudi, ukapande basi. Mabasi ya Dodoma ni mengi, njia ni Chalinze, Morogoro na Gairo, na mwendo ni wa saa nane au tisa. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku, kwa hiyo unaweza kuondoka jioni na kufika alfajiri. Zipo pia ndege za kwenda Dodoma, na kwa mgonjwa asiyeweza kukaa muda mrefu nadhani ndege inafaa kufikiriwa kabla ya njia nyingine zote, japokuwa nauli yake ni mara nyingi ya hizi nilizozitaja.

Kwa wanaotoka Pemba

Mtu wa Pemba ana bahari mbili za kuvuka. Boti kutoka bandari ya Mkoani hadi Unguja hazina wingi wa zile za Dar es Salaam, na ratiba zake hutofautiana siku hadi siku, kwa hiyo kwa Mpemba ndiyo boti hii, si treni, inayopaswa kuamua siku ya safari. Itafute kwanza siku ya boti ya Mkoani, ulale Unguja kwa ndugu, kisha asubuhi yake uchukue boti ya kwanza ya Dar es Salaam. Kujaribu kuunganisha Mkoani, Malindi, Dar es Salaam na Dodoma ndani ya siku moja ni kuomba taabu. Anayetoka Wete au Micheweni akumbuke pia muda wa gari hadi Mkoani, ambako ni kusini mwa kisiwa.

Iko njia nyingine, ya Tanga. Siku ambazo kuna meli ya kwenda Tanga, mtu anaweza kuvuka huko na kupanda basi la Dodoma kwa njia ya Segera na Chalinze. Hakuna treni ya abiria kati ya Tanga na Dodoma, kwa hiyo njia yote ya bara itakuwa ya basi, lakini humwepusha msafiri na msongamano wa Dar es Salaam, na wapo wazee wanaoipenda kwa sababu hiyo. Kwa hali yoyote usivuke kwa mashua ya mizigo. Bei yake ndogo inatokana na kukosa majaketi ya kuokolea maisha na orodha ya abiria.

Kufika Dodoma

Kabla ya kuondoka nyumbani, jua hasa unakwenda wapi, kwa kuwa Dodoma imetapakaa. Wizara nyingi ziko Mji wa Serikali wa Mtumba, kiasi cha kilomita 17 kutoka katikati ya mji kwa barabara ya kwenda Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Dodoma kiko juu ya vilima upande huohuo wa mashariki, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iko jirani yake. Mwenye shughuli za chuo au hospitali asitafute nyumba ya wageni katikati ya mji halafu akatumia fedha za chakula kulipia bajaji kila siku. Nje ya stesheni kuna bajaji, bodaboda na daladala. Treni ikifika usiku, mwombe mwenyeji wako akupangie dereva anayemjua.

Kipindi cha Bunge la Bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, nyumba za wageni hujaa na bei hupanda. Weka nafasi mapema kwa simu, na ulipe kwa namba uliyothibitishiwa na mtu aliyewahi kulala hapo.

Chukua sweta. Hili watu wa pwani hulipuuza mpaka siku ya kwanza asubuhi. Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na miezi ya Juni na Julai usiku wake ni wa baridi yenye upepo mkavu ambao hupasua midomo na visigino. Mafuta ya kujipaka na soksi za mtoto ni muhimu kuliko nguo ya pili ya kutokea. Salamu ya wenyeji ni "mbukwenyi", na mgeni akiitamka, hata kwa lafudhi ya Chake Chake, hupokewa vizuri.

Kurudi

Wakati wa kurudi hesabu inageuka: sasa treni ndiyo ya kwanza na boti ndiyo inayoweza kukuacha. Boti ya mwisho ya kwenda Unguja huondoka Dar es Salaam alasiri, hivyo treni ya kufaa kutoka Dodoma ni ya alfajiri au asubuhi mapema. Ukipata ya mchana pekee, panga kulala Dar es Salaam na ufanye hapo manunuzi yako ya Kariakoo.

Na hapa ndipo lile neno la tatu linapoingia. Kwa watu wa Dar es Salaam, feri ni Magogoni, mahali pa pantoni ya Kigamboni na soko la samaki. Ukitoka stesheni na kumwambia dereva akupeleke feri, atakupitisha mbele ya boti yako bila kusimama na kukushusha ng'ambo ya mji, ukitazama Kigamboni. Mwambie hivi: "Nipeleke kwenye boti za Zanzibar, Barabara ya Sokoine, mkabala wa Kanisa la Mtakatifu Joseph."